Kutumia fobaifo kwenye udongo mweusi, na kuitoa ukifika lami

Juzi nilimsaidia mpwa wangu kulitoa gari lake kwenye tope la uwanda wa Kano, karibu na Ahero, ambako udongo mweusi ukinyeshewa hujaza meno ya tairi hadi yanakuwa laini kama ngozi. Mwongozo huu unahusu magari kama lake, yenye fobaifo (mvuto wa magurudumu yote manne) ya kuweka na kutoa kwa mkono wa pili wa gia ulioandikwa 2H (magurudumu ya nyuma pekee yanavuta), 4H (yote manne, mwendo wa kawaida) na 4L (yote manne, polepole kwa nguvu zaidi).

Kwanza, punguza upepo wa tairi. Mimi hushuka hadi psi 20 hivi, na ningekushauri ununue kipimo na pampu kabla ya kamba ya kuvutia.

Pili, ikiwa habu za mbele (vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele, vinavyoyaunganisha na ekseli) hufungwa kwa mkono, zifunge zote mbili kabla ya kuingia topeni.

Tatu, weka 4H ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, usukani ukiwa umenyooka. Kwa 4L, simama kwanza na uweke nyutro.

Nne, toa 4H kabla ya kugusa lami. Kuisahau hatua hii kulinigharimu mchana mzima. Katika 4H, shafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, ilhali kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Topeni tairi huteleza na tofauti hiyo huisha, lakini lami huzishika, na msokoto ukabaki ndani ya shafti na gia. Nilipofika Kisumu usukani ulikuwa mzito, gari linashtuka kila kona, na mkono wa gia umekataa kabisa kutoka. Fundi wa kwanza alitaka kushusha gia boksi.

Likikupata hilo, usiulazimishe mkono wala kuugonga. Nyosha usukani, rudi nyuma polepole mita chache, kisha usukume mkono kuelekea 2H huku umeachia mafuta. Usipotoka, tafuta sehemu ya murramu au changarawe, uende mbele na nyuma mara kadhaa ili tairi ziteleze na msokoto ufunguke. Taa ya 4H inaweza kubaki inawaka kwa muda hata baada ya mkono kutoka. Endelea kwenda polepole hadi izime. Habu zilizosahauliwa zikiwa zimefungwa hazileti shida hii ukiwa 2H, kwa hiyo usianze kuzilaumu. Gari la fobaifo ya kudumu lina difu ya katikati (gia inayoruhusu shafti ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), nalo linaruhusiwa lami mradi difu hiyo haijafungwa.

Mwisho, jaza upepo kwenye kituo cha kwanza cha mafuta, na kabla ya hapo usikimbize gari.