Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujipima Maarifa ya Jumla Kuhusu India

Anayetaka kujipima kuhusu siasa, jiografia na habari za sasa za India, awe ni mwanafunzi anayejiandaa kwenda kusoma huko, mwandishi wa habari au mpenzi wa chemsha bongo, aanze kwa kutenga mambo yanayodumu na yale yanayobadilika, kisha kila linalobadilika aliandikie tarehe. Maswali mengi kuhusu nchi hii hayakosewi kwa kutojua. Hukosewa kwa kujua jambo ambalo muda wake umekwisha kupita.

Idadi ya majimbo ni mfano mzuri. Tarehe 2 Juni 2014 Telangana ilitengwa na Andhra Pradesh, na India ikawa na majimbo 29. Tarehe 31 Oktoba 2019 Jammu na Kashmir ilivuliwa hadhi ya jimbo na kugawanywa kuwa maeneo mawili ya Muungano, yaani yaliyo chini ya serikali kuu moja kwa moja, moja likiitwa kwa jina lile lile na jingine Ladakh, hivyo yakabaki majimbo 28. Januari 2020 Daman na Diu iliunganishwa na Dadra na Nagar Haveli, na maeneo ya Muungano yakapungua kutoka 9 hadi 8. Kwa hiyo anayesoma kitabu cha mwaka 2016 atakariri kwa bidii jibu lililokuwa sahihi wakati huo na ambalo leo ni kosa. Ndivyo ilivyo pia kwa Lok Sabha, baraza la chini la Bunge: vitabu vya zamani hutaja viti 545, lakini viti viwili vya kuteuliwa vya jamii ya Waanglo-India, yaani watu wenye asili ya Ulaya na India, viliondolewa mwaka 2020, na sasa ni 543, vyote vya kuchaguliwa. Kabla ya kufungua kitabu chochote cha maswali, tazama kwanza mwaka kilipochapwa.

Majina ya wenye vyeo yapitiwe mwishoni kabisa, siku chache kabla ya mtihani. Droupadi Murmu ni Rais tangu Julai 2022, mwanamke wa pili kushika wadhifa huo baada ya Pratibha Patil na wa kwanza kutoka jamii za makabila asilia. Lakini Makamu wa Rais, Jagdeep Dhankhar, alijiuzulu Julai 2025 kabla ya muhula wake kwisha, na C. P. Radhakrishnan akachaguliwa Septemba mwaka huo huo. Jaji Mkuu naye hubadilika mara kwa mara, kwa sababu majaji wa Mahakama ya Juu hustaafu wakiwa na umri wa miaka 65 na mara nyingi cheo hicho hufikiwa na aliyekaribia umri huo.

Kwa upande wa siasa, ninashauri msomaji atumie muda mwingi zaidi kuelewa muundo kuliko kukariri majina. Rais wa India hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Huchaguliwa na wabunge wa kuchaguliwa wa mabaraza yote mawili ya Bunge, pamoja na wajumbe wa kuchaguliwa wa mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo na ya maeneo ya Muungano ya Delhi na Puducherry. Neno "wa kuchaguliwa" ndipo mtego ulipo, kwa kuwa wajumbe 12 ambao Rais huwateua katika Rajya Sabha, baraza la juu, hawapigi kura hiyo. Rajya Sabha haivunjwi. Thuluthi moja ya wajumbe wake humaliza muda kila baada ya miaka miwili. Katika jimbo, gavana huteuliwa na Rais, ilhali mwenye kuendesha serikali ni waziri kiongozi anayeungwa mkono na wajumbe walio wengi. Aliyeelewa hayo ataweza pia kuusoma uchaguzi mkuu wa mwaka 2024, uliofanyika kwa awamu saba kuanzia tarehe 19 Aprili hadi 1 Juni: chama cha BJP kilipata viti 240, pungufu ya 272 vinavyohitajika ili kuwa na wingi, na Narendra Modi akaingia muhula wa tatu wa uwaziri mkuu kwa kutegemea vyama washirika, tofauti na mwaka 2019 ambapo chama chake peke yake kilikuwa na viti 303.

Jiografia isisomwe bila ramani tupu ya kujazwa kwa mkono. Chora Tropiki ya Kansa, mstari ulio kaskazini ya ikweta, na uhesabu majimbo manane inayopitia, kutoka Gujarat upande wa magharibi hadi Mizoram upande wa mashariki. Fuatilia mito, ukizingatia kwamba Godavari, Krishna na Kaveri hutiririkia Ghuba ya Bengal ilhali Narmada na Tapi huelekea magharibi hadi Bahari ya Arabu. Kuhusu mvua, msomaji wa pwani yetu ana faida, kwa sababu kusi inayovuma kwetu huvuka ikweta, hupinda kuelekea kulia kutokana na mzunguko wa dunia, na kufika Kerala mwanzoni mwa Juni ikiwa imebeba mvua kubwa. Milima ya Ghats ya Magharibi huizuia, ndiyo maana pwani ya Kerala na Karnataka hulowa sana huku nyanda za Deccan zilizo nyuma ya milima zikipata kidogo. Pwani ya Tamil Nadu hungoja zamu yake hadi kati ya Oktoba na Desemba, upepo unapogeuka na kutoka kaskazini mashariki. Ukiuelewa mwendo huu wa upepo, utajibu pia maswali ya kilimo, kwani mpunga mwingi hupandwa mvua hizi zinapoanza, na ngano hupandwa msimu wa baridi unapoingia.

Mipaka inahitaji uangalifu wa pekee. Serikali ya India huhesabu nchi saba inazopakana nazo kwa nchi kavu, Afghanistan ikiwemo, kwa kuwa inadai sehemu ya Kashmir iliyo chini ya Pakistan. Kwa sababu hiyo hiyo, baadhi ya vitabu vya India hutaja K2 kuwa mlima mrefu kuliko yote nchini, ilhali vingine hutaja Kanchenjunga wenye mita 8,586. Jua aliyetunga mtihani anatumia ramani ya nani.

Habari za sasa zisomwe kwa kuziunganisha na taasisi au mahali. Chombo cha India cha Chandrayaan-3 kilipotua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023, jambo la kufuatilia lilikuwa ISRO, shirika la anga za juu la India, na kituo cha Sriharikota kilikorushiwa. Mkutano wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, uliofanyika New Delhi, Septemba 2023, ulikumbukwa na wengi kwa sherehe zake, ingawa kwetu la maana zaidi ni kwamba hapo ndipo Umoja wa Afrika ulipokubaliwa kuwa mwanachama.

Mwisho ni hesabu ya alama. Karatasi ya kwanza ya mtihani wa mchujo wa kuingia utumishi wa umma wa India ina maswali 100 ya kuchagua, kila moja likiwa na alama mbili na majibu manne, na jibu lisilo sahihi hukatwa thuluthi ya alama za swali. Anayebahatisha bila kujua lolote hapati wala hapotezi kwa wastani. Akiweza kuondoa hata jibu moja kwa uhakika, kubahatisha kati ya matatu yaliyobaki kunaanza kumfaidi. Basi anapojipima nyumbani atumie sheria hizo hizo, kwa muda wa saa mbili zilizowekwa, na aweke alama pembeni ya kila swali alilobahatisha ili asilihesabu miongoni mwa anayoyajua.