Jinsi ya kumfuatilia msanii wa kantri wa redio za zamani (mfano DeFord Bailey)

Wengi wakitaka kumjua msanii wa kantri wa miaka ya 1920 wanakimbilia santuri zake, na hapo ndo wanapotea, maana kazi yenyewe ilikuwa redioni, laivu, na matangazo mengi ya enzi zile hayakurekodiwa kabisa. Mcheki DeFord Bailey, mpiga harmonika mweusi wa Tennessee, santuri zake zote unazimaliza chini ya saa moja lakini jamaa alisikika WSM, stesheni ya redio ya Nashville, tangu 1926 mpaka 1941!

Kwa hiyo anza na stesheni. Ni ya nani, na inasikika mpaka wapi? WSM ilianzishwa 1925 na kampuni ya bima, 1932 ikapanda hadi wati 50,000, usiku unainasa majimbo kibao, ndo maana msanii akishavuma hewani anaingia barabarani kupiga shoo, hela iko huko. Kwa Bailey barabarani kulikuwa na balaa lake, hoteli na migahawa ya wazungu haimpokei wakati wenzake wanaingia.

Alafu nenda kwenye ratiba za redio za magazeti ya zamani, Library of Congress (maktaba ya taifa ya Marekani) wameweka mengi bure mtandaoni kwenye Chronicling America. Tafuta jina pamoja na herufi za stesheni, jaribu na spelling za ovyo ovyo (De Ford, Deford), ukikosa tafuta jina la kipindi.

Tarehe za studio zipo kwenye Discography of American Historical Recordings, orodha ya mtandaoni ya rekodi za zamani, nayo bure, na usiruke rekodi ambazo hazikutoka. Kampuni ya santuri ya Victor walimrekodi Bailey Nashville Oktoba 1928, nyimbo 8, wakatoa 3 tu.

Sasa ndo usikilize. Weka Pan American Blues ya 1927, vaa hedifoni: treni inaondoka taratibu, inakolea mwendo, honi inalia, na yote hayo ni mtu mmoja na harmonika. Ndo alifungua nayo usiku ule wa Desemba 1927, baada ya kipindi cha muziki wa klasiki, mtangazaji George D. Hay akakibatiza kipindi chao cha kantri cha WSM jina la Grand Ole Opry.

Pa kuwa makini kuliko pote ni alivyoondoka WSM. Hay aliandika baadaye kwamba Bailey alikuwa mvivu, hataki kujifunza nyimbo mpya. Usimeze hivyo hivyo, angalia 1941 kulikuwa na nini: redio zimegombana na ASCAP, chama kinachowakusanyia watunzi malipo ya nyimbo zao, kuhusu malipo hayo, nyimbo za ASCAP hazipigwi, na zile zilizompa Bailey jina zilikuwa humo humo. Yaani wanamkataza nyimbo zake alafu wanamwita mvivu, na mwenyewe alisimulia tofauti kabisa.

Baada ya hapo usimtafute tena kurasa za burudani. Alikuwa na kibanda cha kung'arisha viatu Nashville, kwa hiyo fungua vitabu vya anuani za jiji, humo watu wanaorodheshwa na kazi zao.