Kutafuta kwa ramani anakoweza kuishi nyoka adimu wa Pemba

Natriciteres pembana, nyoka wa majimaji, hapatikani kokote duniani ila kisiwani Pemba. Ni mdogo, hana sumu ya kumdhuru mtu, na chakula chake kikubwa ni vyura. Kazi hii inahitaji kompyuta, QGIS (ya kuchora ramani) na MaxEnt (ya kukadiria mnyama anaweza kuishi wapi); zote mbili ni programu za bure.

Hatua ya 1: Safisha rekodi

Hapa usiwe na haraka kabisa. Ukipakua rekodi za alikoonekana nyoka huyu kutoka GBIF, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za viumbe, lichunguze neno "Pemba": Msumbiji nako kuna mji wa Pemba, na nukta za kwetu huweza kuangukia huko. Rekodi inayosema "Pemba" tu, bila kijiji wala msitu, mara nyingi hupewa nukta ya katikati ya kisiwa. Itoe. Majira ya nukta (namba za latitudo na longitudo) uliyoyasoma kwenye ramani za zamani mara nyingi ni ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani. Ukiyaingiza kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, nukta inahama takriban mita 300. Kwetu, mita 300 zinakutoa bonde la mpunga zikakupandisha kilimani kwenye mikarafuu.

Hatua ya 2: Chagua tabaka

Tabaka ni ramani ya hali moja ya mazingira. Wengi hukimbilia WorldClim, yenye ramani za mvua na joto. Pikseli yake (mraba mmoja wa ramani) ndogo kabisa ni kama kilomita 1, na Pemba haifiki kilomita za mraba 1,000, kwa hiyo mvua na joto havitakueleza mengi. Tumia mwinuko wa SRTM, uliopimwa kwa rada kutoka angani (pikseli ya mita 30), umbali kutoka bonde lenye maji, na uoto kutoka picha za setilaiti za Sentinel-2. Rekodi zikiwa chache, tabaka hizo tatu zinatosha.

Hatua ya 3: Rekebisha upendeleo

Watafiti huanzia Ngezi, msitu wa hifadhi kaskazini mwa Pemba. MaxEnt ikichukua nukta za usuli (za kulinganisha na alikoonekana nyoka) kisiwa kizima, itakuchorea walikopita watu badala ya anakoishi nyoka. Chukua usuli mahali palipowahi kurekodiwa nyoka au chura yeyote.

Hatua ya 4: Endesha na ujaribu

Ficha rekodi moja, endesha modeli (hesabu ya MaxEnt), tazama kama pale palipofichwa pamepata alama ya juu. Rudia kwa kila rekodi.

Hatua ya 5: Nenda

Anzia maeneo yenye alama ya juu nje ya Ngezi. Wakulima wa mpunga ndio wanaoshinda bondeni: toa shikamoo, onyesha picha, uliza. Waombe wakimwona wampige picha, wasimuue. Usipompata, andika pia: mahali, tarehe, saa ulizotafuta.