Kula kwa ajili ya ngozi: virutubisho hupotelea jikoni

Mchicha, mapera, nyanya, viazi lishe na karanga vinapatikana karibu kila genge, na vinatosha kuipa ngozi antioksidanti (viini vinavyoikinga isiharibiwe) inazohitaji. Tatizo huanza vikishafika nyumbani. Mboga hukatwa ndipo ikaoshwa, ikachemshwa nusu saa, maji yakamwagwa. Juisi hutengenezwa asubuhi ikanywewa jioni. Mlaji anashiba, lakini sehemu kubwa ya alichokinunua imeishia kwenye karo.

Jua, moshi wa kuni na moshi wa sigara huzalisha ndani ya ngozi chembe zisizotulia. Chembe hizo hushambulia mafuta yaliyo kwenye kuta za seli pamoja na kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi ikaze. Vitamini C, vitamini E na karotenoidi (rangi za njano, chungwa na nyekundu za mimea) huzituliza. Vitamini C ina kazi ya pili: bila hiyo mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara. Ndiyo maana mgonjwa wa kiseyeye, yaani aliyekosa vitamini C kwa muda mrefu, hutokwa damu kwenye fizi na vidonda vyake havifungi.

Tuanze na majani, maana ndiyo yanayoharibiwa zaidi. Kwa watu wanne, chukua nusu kilo ya mchicha au matembele.

1. Osha majani yakiwa mazima, mara mbili au tatu, yakung'ute, kisha ndipo uyakate. Ukianza kukata, vitamini C na foleti (vitamini ya kundi B) huchuruzika kupitia mikato na kwenda na maji.
2. Kaanga kitunguu na nyanya mbili kwa vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Tia majani bila kuongeza maji, funika, acha dakika 3 hadi 5. Yakigeuka rangi ya kahawia, yamepitiliza.
3. Epua. Ndimu kamulia mezani, isipikwe pamoja na mboga.

Usitie magadi. Ni kweli hulainisha majani na kuyaacha na kijani kinachovutia, lakini vitamini C haivumilii magadi hata kidogo. Na mboga ya chukuchuku haifai kwa lengo hili: karotenoidi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo pasipo mafuta nyingi hupita tumboni bila kufyonzwa. Tui la nazi au karanga zilizosagwa hufanya kazi hiyo hiyo.

Kisamvu kina sheria yake. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo ni lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila kufunika sufuria, ili sumu itoke na mvuke. Usijaribu kuyapika kwa dakika tano kwa ajili ya kuokoa vitamini. Vitamini C itapotea nyingi, karotenoidi kiasi kizuri zitabaki. Siku hiyo kula tunda.

Nyanya ni kinyume cha mchicha: hufaa zaidi ikipikwa muda mrefu. Rangi yake nyekundu, laikopini, imefungwa ndani ya seli, na moto pamoja na mafuta huifungua. Chagua zilizoiva hadi kwenye kikonyo, usizimenye, katakata nne, zipike kwa kijiko kimoja cha mafuta dakika 15 hadi 20 mpaka mafuta yaanze kujitenga juu. Utafiti mmoja mdogo wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa watu gramu 40 za nyanya ya kopo na gramu 10 za mafuta ya zeituni kila siku, kisha ukapima ngozi zao chini ya taa yenye mionzi kama ya jua. Wiki ya 4 tofauti haikuonekana. Wiki ya 10 wekundu wa kuungua ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na wasiokula nyanya hiyo. Hapo kuna somo la subira: tabaka la juu la ngozi huchukua karibu mwezi kujibadilisha, na kolajeni huchukua muda zaidi. Anayejitazama kwenye kioo baada ya siku tano anajivunja moyo bure.

Viazi lishe, boga na karoti huchemshwa au kupikwa kwa mvuke vikiwa na maganda, kisha huliwa na kitu chenye mafuta: parachichi, karanga, kipande cha samaki. Mawese mekundu yamejaa karotenoidi, ila ukiyachoma hadi yawe meupe, kama wengi wanavyofanya kuondoa harufu, umebaki na mafuta matupu.

Kwa vitamini C, tunda letu la kwanza ni pera. Gramu 100 zake hutoa takriban miligramu 200, wakati chungwa hutoa kama 50, na mtu mzima anahitaji kati ya 75 na 90 kwa siku. Pera moja na ganda lake linatosha. Unga wa ubuyu nao ni mzuri: kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya kawaida, usichemshe. Ubuyu wa rangi uliopikwa na sukari tunauhesabu kuwa peremende. Sukari nyingi kwenye damu hushikamana na kolajeni na kuikakamaza, kwa hiyo usiitie kwenye juisi.

Vitamini E hupatikana kwenye karanga, mbegu za alizeti na mafuta ya alizeti; konzi moja ya karanga kwa siku inafaa. Mafuta yaliyorudiwa kukaangia chipsi yamepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Na usisahau maharage, dagaa au mayai, kwa sababu kolajeni yenyewe ni protini.

Vidonge vya virutubisho hivi acha. Mwaka 1994 utafiti mkubwa wa Ufini ulionyesha kuwa wavutaji sigara waliopewa miligramu 20 za beta-karotini (mojawapo ya karotenoidi) kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Chakula hakina hatari hiyo. Ukizidisha karoti, viganja vitakuwa vya njano kwa muda tu.

Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze majani ya kijani ghafla, maana vitamini K hubadili nguvu ya dawa. Amwone daktari wake kwanza. Mgonjwa wa figo vilevile, kwa sababu ya potasiamu iliyo kwenye majani hayo.

Chakula hakitibu mapunye wala upele, na hakigeuzi ngozi nyeusi kuwa nyeupe. Hakiwezi pia kurekebisha kinachoharibiwa na mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni, hivyo anayeupaka aache kwanza. Kofia pana na kivuli vinabaki pale pale, hasa kwa mwenye ualbino: nyanya haichukui nafasi ya losheni ya kujikinga na jua.