Ubao wa picha uendane na umri wa anayeutumia

Mtu akija kwangu Temeke kutaka ubao wa picha kwa ndugu yake asiyeweza kuongea, ili aonyeshe picha kwa kidole badala ya kusema, swali langu la kwanza ni umri. Mzee wa miaka 65 aliyepigwa na kiharusi ukimpa ubao wenye vikatuni vya bata, ataugeuza kifudifudi, na wala sitamlaumu.

Mtoto wa miaka 3 au 4 mwanzishie picha 4 hadi 6. Kikombe kiwe chake mwenyewe, kipige picha kwa simu. Ila karatasi ya A4 ilaze, uichore miraba 20 tangu mwanzo, inayobaki uiache wazi. Akikua unajaza ile mitupu bila kuhamisha ya zamani, maana mkono wake umeshazoea "nataka" iko kona gani. Na usijaze vyakula tu. Ubao wenye ugali, wali na maziwa peke yake ni kama menyu ya mgahawa: mtoto anaagiza, lakini hawezi kukataa. Weka "sitaki", "acha", "ongeza", "njoo".

Kijana wa sekondari achague mwenyewe. Picha ziwe ndogo, maneno mengi: "acha zako", "bando limeisha", Simba au Yanga. (Akina mama hupenda kuniomba nitoe "niache". Sitoi.) Bila lugha ya wenzake, ubao utaozea kwenye begi.

Kwa mzee wa kiharusi, tumia picha za wajukuu, duka lake, kahawa yake, na neno chini ya kila picha kwa herufi nene nyeusi. Kiharusi kinachoondoa usemi mara nyingi kimepiga ubongo upande wa kushoto. Mkono wa kulia hulegea, na wengine hawaoni vizuri upande wa kulia wa ukurasa. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, mwekee karatasi mbele uangalie macho yanaishia wapi, kisha maneno muhimu yapange kushoto. "Marahaba" isikosekane. Watoto wa mtaani watamwamkia, naye atataka kuitikia. Ubao wa mtoto nao uwe na "shikamoo".

Steshenari waambie laminesheni isiyong'aa. Ile ya kung'aa, mtu akikaa barazani mwako wa jua unafanya picha zote zisionekane. Chapa nakala mbili, moja itasahaulika kwenye daladala.