Klabu yako ikitaka kujitenga: namna ya kukusanya maoni ya mashabiki na kuyapa nguvu

Tangazo la European Super League, mashindano mapya ambayo klabu vigogo za Ulaya zilitaka kuyaanzisha zenyewe, lilitoka usiku wa Jumapili, tarehe 18 Aprili 2021. Kufikia usiku wa Jumanne, klabu zote sita za Uingereza zilizokuwemo zilikuwa zimetangaza kujiondoa. Hizo ni kama saa 48. Tawi la mashabiki linaloanza kutafuta namba za simu za wanachama wake siku ya tangazo limeshachelewa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ifanywe mapema, wakati mambo yametulia: orodha ya wanachama, hojaji iliyokwisha kuandikwa, na watu watatu walioidhinishwa kusema kwa niaba ya tawi.

Soma mpango wenyewe kwanza

Tafuta taarifa rasmi, usiishie kwenye kichwa cha habari. Ukiisoma, shika kalamu na utafute majibu ya maswali manne.

La kwanza, na ndilo kubwa: nani anaingia, na kwa njia gani? Mwaka 2021 jibu lilikuwa wazi. Timu zingekuwa 20. Kati ya hizo, 15 zingekuwa waanzilishi wasioshuka hata wakiburuza mkia, na nafasi 5 tu ndizo zingegombewa. Klabu 12 zilikuwa zimeshajitangaza: Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham; AC Milan, Inter na Juventus; Atlético Madrid, Barcelona na Real Madrid. Hapa ndipo hasira ilipochimbuka. Kila shabiki anajua ushindi wa mezani ni nini. Hii ilikuwa nafasi ya mezani, ya kila msimu, isiyo na kikomo.

Mipango ya baadaye haikuandikwa waziwazi namna hiyo. Desemba 2023 kampuni ya A22, iliyobeba mradi huo, ilitoa mpango wa timu 64 za wanaume katika madaraja matatu: la juu timu 16, la kati 16, la chini 32, na safari hii kupanda na kushuka kulikuwepo. Lakini fuatilia njia yenyewe. Timu iliyotoka ligi ya nyumbani ingeingilia daraja la chini tu. Bingwa wa nchi asingeweza kukutana na vigogo wa daraja la juu kabla ya msimu wake wa tatu, tena kama angepanda mara mbili mfululizo. Kwa hiyo ukiona maneno “kupanda na kushuka”, usiridhike. Hesabu ngazi.

La pili, ratiba. Mpango wa 2021 ulikuwa na makundi mawili ya timu 10, nyumbani na ugenini, katikati ya wiki. Maana yake ni mechi 18 kabla ya robo fainali, 9 kati yake za ugenini. Wakati huo makundi ya Ligi ya Mabingwa yalikuwa na mechi 6. Kwa shabiki anayesafiri na timu, hizo ni safari 9 za siku za kazi badala ya 3, kabla hata mtoano haujaanza. Namba kama hii humgusa mtu kuliko hotuba ndefu kuhusu utamaduni wa soka.

La tatu, fedha zinatoka wapi na zinakwenda kwa nani. Waanzilishi waliahidiwa euro bilioni 3.5 za kuanzia, na benki ya JP Morgan ilikuwa nyuma ya ufadhili huo. Uliza nani anabaki na deni mradi ukianguka.

La nne, nani ameidhinisha. Mashabiki wengi huteleza hapa. Tarehe 21 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kanuni za FIFA (shirikisho la soka la dunia) na UEFA (la Ulaya) za kuidhinisha mashindano mapya zilikiuka sheria za ushindani, kwa kuwa hazikuwa na vigezo vya wazi na vya haki. Haikusema kwamba Super League yenyewe imepitishwa. Ukiandika kwenye tamko lako “mahakama imewaruhusu”, klabu itakukamata kwa kosa hilo moja na kuacha hoja zako zote.

Hojaji isiyopotosha

Kosa linaloua hojaji nyingi ni swali lenye jibu ndani yake. Swali kama “Je, unakubali wamiliki wenye tamaa watuibie mpira wetu?” litakuletea asilimia 98 ya hapana, na asilimia hiyo haina thamani. Mwenyekiti wa bodi atalisoma swali, atatabasamu, na ataiweka karatasi kando.

Andika hivi: “Klabu ikijiunga na mashindano ambayo baadhi ya timu haziwezi kushuka, wewe unaunga mkono, unapinga, au huna msimamo?” Halafu tenganisha mambo yanayochanganywa kila siku, kila moja na swali lake: nafasi za kudumu, mechi nyingi zaidi kati ya vigogo, klabu kuondoka kwenye ligi ya nyumbani, mgawanyo wa mapato kwa klabu ndogo. Wapo mashabiki wanaotamani kuona vigogo wakikutana mara nyingi na papo hapo wanachukia nafasi za kudumu. Ukiwauliza yote kwa mkupuo mmoja, unawapoteza.

Weka pia swali la vitendo: “Klabu ikijiunga, utahuisha tiketi yako ya msimu?” Maoni ya mdomo klabu inaweza kuyavumilia. Viti vitupu inavihesabu.

Maswali yasizidi 8. Jaribu hojaji kwa watu 10 kwanza, na ukaze macho pale wanaposita. Swali linalowasimamisha watatu kati ya kumi liandikwe upya. Kila mtu ajibu mara moja tu, kwa namba yake ya uanachama. Kiungo kikiachwa wazi kwenye mitandao, mashabiki wa timu pinzani watakujazia.

Kuhusu idadi: ukichagua watu kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili, majibu 400 yana kiwango cha makosa cha karibu asilimia 5 juu au chini, na 1,000 karibu asilimia 3. Hesabu hiyo haifanyi kazi kwa wanaojitokeza wenyewe, hata wakiwa 50,000, maana wenye hasira ndio hujitokeza kwanza. Kama hojaji yako ni ya kujitolea, sema hivyo kwenye mstari wa kwanza wa matokeo. Ukweli huo haukupunguzii heshima.

Usijumlishe makundi kabla ya kuyaonyesha moja moja. Chukua mfano: wenye tiketi za msimu 200 wamejibu, 180 wanapinga. Wanaotazama kwa televisheni 800 wamejibu, 400 wanapinga. Ukijumlisha, 580 kati ya 1,000 wanapinga, yaani asilimia 58. Namba hiyo haimwelezi mtu yeyote. Waliomo uwanjani wanapinga kwa asilimia 90. Walio mbali wamegawanyika nusu kwa nusu. Hizo ni habari mbili tofauti, na zote mbili klabu inapaswa kuzisikia. Shabiki wa mbali ni shabiki kamili. Ila anachopoteza klabu ikihama si kile anachopoteza anayekaa jukwaani kila wiki.

Kwa kulinganisha, kampuni ya kura za maoni ya YouGov ilipowauliza mashabiki wa soka Uingereza siku moja baada ya tangazo la 2021, asilimia 79 walipinga na 14 waliunga mkono. Matokeo yako yakiwa mbali sana na hayo, kagua maswali kabla ya kutangaza.

Tamko na shinikizo

Tamko liingie ukurasa mmoja. Anza na namba, kisha unachotaka klabu ifanye, kisha tarehe ya mwisho ya kujibu. Usitukane wachezaji wala kocha. Mwaka 2021 wengi wao walisikia habari kama tulivyozisikia sisi, na baadhi yao walisema hadharani kwamba hawaitaki.

Shinikizo linalofaa ni lile linalotumia mali ya mashabiki. Kundi la mashabiki wa Liverpool la Spion Kop 1906 lilitangaza kuziondoa bendera zake kwenye jukwaa la Kop pale Anfield. Bendera hizo zilikuwa zao, hawakuvunja kanuni yoyote, na ulimwengu mzima uliona. Nje ya Stamford Bridge, kabla ya mechi ya Chelsea na Brighton tarehe 20 Aprili, mashabiki walijaa barabarani hadi Petr Čech, mshauri wa ufundi wa klabu wakati huo, akatoka kuwasihi walipishe basi. Mechi ilichelewa kuanza.

Mahali pa kusimama ni nje. Tarehe 2 Mei 2021 baadhi ya waandamanaji waliingia Old Trafford na mechi ya Manchester United na Liverpool ikaahirishwa. Ujumbe ulifika, ni kweli, lakini askari waliumia na mjadala wa siku zilizofuata uligeukia usalama. Teua wasimamizi wenu, walau mmoja kwa kila watu 50, waarifuni polisi njia na saa, na mabango yaandikwe maneno manne au matano yanayosomeka kwenye kamera.

Na msikatae mlango mmoja mkaacha mwingine wazi. Tarehe 19 Aprili 2021, siku moja tu baada ya tangazo la vigogo, UEFA ilipitisha muundo mpya wa Ligi ya Mabingwa wenye nafasi mbili kwa timu zenye rekodi nzuri za miaka ya nyuma. Nafasi hizo zilifutwa Mei 2022. Anayepinga nafasi za mezani azipinge bila kujali nani ameziweka.

Funga kwa maandishi

Klabu ikishajiondoa, watu hushangilia na kurudi nyumbani, na hapo ndipo kazi hupotea. Video ya kuomba radhi haimzuii mmiliki kurudia. Faini ndogo pia haitoshi: Juni 2021 klabu sita za Uingereza zilikubali kulipa pauni milioni 22 kwa pamoja. Kilicho kizito ni kile walichokubali kwa siku za mbele, yaani pauni milioni 25 na kukatwa pointi 30 kwa kila klabu itakayorudia. Pointi 30 zinaharibu msimu mzima.

Usidhani umiliki wa wanachama peke yake unatosha. Ujerumani, kanuni ya 50+1 inawapa wanachama zaidi ya nusu ya kura, na Bayern na Dortmund hazikujiunga. Lakini Real Madrid na Barcelona nazo ni mali ya wanachama, na zilikuwemo kati ya zile 12. Kinachoamua ni kama jambo lenyewe lazima lipigiwe kura na wanachama kabla ya saini.

Angalia pia kiti unachopewa. Chelsea iliwaingiza washauri watatu wa mashabiki kwenye vikao vya bodi kuanzia Julai 2021, lakini bila kura. Ni hatua, ila mdai zaidi. Kifungu cha kupeleka kwenye katiba ya klabu kinaweza kusomeka hivi:

“Klabu haitajiunga na mashindano mapya, haitahama uwanja, wala haitabadili jina, rangi kuu au nembo, bila idhini ya theluthi mbili ya kura za wenye tiketi za msimu, zitakazopigwa kwa siri ndani ya siku 30 tangu kutolewa kwa mpango kamili.”

Maneno ya kutetea hadi mwisho ni “mpango kamili”. Yakiondolewa, mtaletewa muhtasari wa kurasa mbili na kuombwa kura. Mwanasheria wa klabu atapendekeza “kushauriana na” badala ya “idhini ya”. Kataeni. Kushauriana ni kusikilizwa tu, na aliyekusikiliza bado ana ruhusa ya kusaini kesho yake.