Kutoka Karakana hadi Chumba cha Injini: Njia ya Kupata Cheti cha Mhandisi wa Meli Ukiwa Mombasa

Kijana wa Mombasa anayetaka kuwa mhandisi wa meli huanza kwa kuuliza ni chuo gani kinachofundisha kazi hiyo. Swali hilo lina majibu ya karibu: kipo Chuo cha Bandari Maritime Academy, na kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Swali linalopaswa kumkosesha usingizi ni jingine, nalo ni wapi atapata miezi ya kukaa baharini na jinsi atakavyoithibitisha kwa maandishi. Nimewaona vijana wenye diploma nzuri wakizunguka bandari ya Kilindini miaka miwili, mitatu, si kwa sababu walishindwa masomo, bali kwa sababu diploma humfanya mtu kuwa msomi wa uhandisi tu. Kinachomruhusu kushika zamu ya chumba cha injini ni cheti cha umahiri, kile ambacho mabaharia hukiita COC, na hicho hakitolewi na chuo chochote. Nchini Kenya hutolewa na Mamlaka ya Bahari, yaani KMA, chini ya Sheria ya Usafiri wa Meli za Biashara ya mwaka 2009.

KMA nayo haikujitungia masharti. Yote yanatokana na mkataba wa kimataifa wa STCW, unaohusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, wa mwaka 1978, ambao ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mjini Manila mwaka 2010. Sura ya tatu ya mkataba huo ndiyo yetu sisi watu wa injini. Jambo la kulielewa mapema ni kwamba maafisa wa sitaha hupimwa kwa ukubwa wa meli kwa tani, ilhali mhandisi hupimwa kwa nguvu za injini kuu kwa kilowati. Mipaka ni miwili: kilowati 750 na kilowati 3,000. Kwa hiyo, kabla ya kufurahia nafasi uliyoitiwa kwenye chombo fulani, uliza injini yake ina kilowati ngapi, kwa kuwa chombo chaweza kuwa kirefu na cha kupendeza macho kisha injini yake isifike mpaka unaouhitaji.

Anza na afya, kabla hujalipa karo yoyote. Cheti cha afya cha baharia hutolewa na daktari aliyetambuliwa na Mamlaka, na hudumu kwa muda usiozidi miaka miwili, au mwaka mmoja tu ikiwa mwenye nacho hajatimiza miaka 18. Daktari atapima masikio, moyo na macho, na katika macho atachunguza kama unatofautisha rangi. Wapo wanaodhani kwamba rangi ni shauri la nahodha na taa zake, lakini nyaya za umeme, mabomba na taa za tahadhari za chumba cha injini vyote husema kwa rangi. Ni heri kulijua hilo leo kuliko kuligundua baada ya miaka mitatu ya masomo.

Baada ya hapo yafuate mafunzo ya msingi ya usalama, ambayo kila baharia anayepewa kazi ya usalama melini lazima ayapitie: mbinu za kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu kwa wenzako. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 sehemu hiyo ya mwisho inajumuisha pia kuzuia unyanyasaji na udhalilishaji wa kijinsia melini. Ongeza na mafunzo ya tahadhari za ulinzi wa meli. Anayelenga kuwa afisa atahitaji pia kozi za juu za kuzima moto, za kuongoza mashua za uokoaji na za huduma ya kwanza ya kitabibu. Weka akilini kwamba ustadi wa kujiokoa na wa kuzima moto unapaswa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka mitano.

Sasa tufike kwenye kiini. Kuna njia mbili za kufikia cheti cha kwanza, cha afisa mhandisi wa zamu kwenye meli yenye injini ya kilowati 750 au zaidi, na zote mbili zinadai uwe umetimiza miaka 18. Njia ya kwanza ni ya kadeti, yaani afisa mwanafunzi, aliye ndani ya mpango wa mafunzo ulioidhinishwa: karakana na bahari kwa pamoja visipungue miezi 12, na kazi zote ziandikwe katika kitabu maalumu cha kumbukumbu za mafunzo. Njia ya pili ni ya aliyepanda kwa jasho lake bila mpango huo: karakana na bahari visipungue miezi 36, na kati ya hiyo 30 iwe ya baharini katika idara ya injini. Katika njia zote mbili, angalau miezi sita lazima iwe ya kushika zamu chini ya injinia mkuu au mhandisi mwenye cheti. Mtu akitazama tofauti ya 12 na 36 ataona mara moja kwa nini nashauri kila kijana ahakikishe, kabla ya kujiandikisha, kwamba kozi yake imeidhinishwa na KMA. Kozi isiyoidhinishwa haikupotezei fedha peke yake, inaweza kukutupa kwenye njia ndefu.

Sehemu ya karakana, Mombasa inayo. Mbaraki na Mtongwe kuna yadi za kukarabati meli, na huko ndiko mtu hujifunza kukereza chuma, kulehemu, kupiga tupa hadi uso wa chuma ulale sawasawa, na kufungua pampu akaifunga tena bila kubakiwa na boliti mkononi. Usiidharau miezi hiyo. Injinia wa pili, yaani msaidizi wa injinia mkuu, humtambua kadeti aliyepita karakana kwa namna anavyoshika spana tu.

Kitabu cha kumbukumbu kinahitaji nidhamu ambayo vijana wengi hawana. Kadeti huandika, “Leo nilisaidia purifaya,” yaani mashine ya kusafisha mafuta, kisha hupeleka ukurasa usainiwe. Mtahini wa cheti akisoma hapo hapati kitu. Linganisha na maneno haya: “Tumefungua purifaya ya mafuta mazito nambari 2, ambayo bakuli lake lilikuwa halifungi na mafuta yakitokea kwenye njia ya uchafu. Tumesafisha sahani, tumekuta ringi ya mpira imekatika, tumeibadilisha, tumeijaribu kwa saa moja, haikuvuja.” Hapo pana mashine, pana dalili, pana chanzo, pana tiba. Andika siku hiyohiyo, ingawa umechoka na mikono inanuka dizeli, na upate sahihi kabla mhandisi aliyekusimamia hajashuka meli.

Hili la sahihi nalisema kwa uchungu wangu mwenyewe. Nilipokuwa mdogo kazini nilimaliza mkataba kwenye meli moja ya mizigo, nikapewa barua ya utumishi yenye jina la meli, tani zake na tarehe zangu, lakini kilowati hazikuandikwa na zamu nilizoshika hazikutajwa. Nilipoirudisha, injinia mkuu alikuwa ameshabadilishwa na meli imebadilisha hata jina. Ilinichukua miezi minne kupata barua nyingine. Tangu hapo, mtu akiniuliza, humwambia asishuke ngazi kabla hajaona kwenye barua jina la meli na nambari yake ya IMO (nambari ya kimataifa ya utambulisho, isiyobadilika hata jina likibadilika), kilowati za injini kuu, cheo chake, tarehe ya kupanda na ya kushuka, miezi ya zamu, sahihi na muhuri; na tarehe hizo zilingane na zilizo kwenye kitabu chake cha baharia. Na kama muda wako umeutumia kwenye tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta nyingine, au kivuko, usijihesabie mwenyewe; iulize KMA kwa barua ni kiasi gani kitakubaliwa, nawe uwe na jibu lake kwa maandishi.

Miezi ikishatimia, unabaki mtihani wa cheti. Wa kuandika husomewa, na wengi huupita. Wa mdomo ndio unaoangusha watu. Mtahini atakuambia: king'ora cha ukungu wa mafuta ndani ya krankikesi, yaani kasha la chini la injini, kimelia, ufanyeje? Anayekimbilia kusema atafungua milango aangalie amejiangusha, kwa kuwa hewa ikikutana na ukungu huo wenye joto, mlipuko haupo mbali. Jibu ni kuwaarifu walio kwenye daraja la kuongozea meli, kupunguza mwendo, kusimamisha injini, kuwaondoa watu kando ya vali za kutolea mlipuko, kuacha mafuta ya kulainisha yakizunguka, na kusubiri angalau dakika 20 ipoe. Au atakuuliza jenereta ya dharura inapaswa kushika umeme ndani ya sekunde ngapi, ni 45. Au maji machafu yenye mafuta yanaruhusiwa kutoka yakiwa na kiwango gani. Yasizidi sehemu 15 katika milioni. Jibu kwa mpangilio ambao mikono yako ingeufuata, si kwa mpangilio wa daftari.

Ukishakuwa afisa wa zamu, ngazi zinazofuata ni nyepesi kueleza. Ili uwe injinia wa pili unahitaji angalau miezi 12 ya kazi kama afisa mhandisi, pamoja na mafunzo na mtihani wa ngazi ya usimamizi. Ili uwe injinia mkuu wa meli ya kilowati 3,000 na zaidi unahitaji miezi 36, ambayo 12 kati yake uwe umeshika madaraka ukiwa na sifa za injinia wa pili. Kwa meli za kilowati 750 hadi 3,000, miezi 24 inatosha kwa sharti hilohilo. Walio na mwelekeo wa umeme wana cheti chao cha afisa wa umeme na elektroniki.

Ukitafuta meli kupitia wakala, kumbuka kwamba Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti pamoja na hati za namna hiyo za safari, isipokuwa viza, ambayo ni ya mwajiri. Anayekudai “pesa ya nafasi” mpe kisogo.

Cheti chenyewe huhuishwa kila miaka mitano, na njia rahisi ni kuwa na miezi 12 baharini ndani ya miaka hiyo, au miezi mitatu ndani ya miezi sita iliyotangulia maombi. Ukiajiriwa kwenye meli yenye bendera ya nchi nyingine, tuseme Panama au Liberia, nchi hiyo lazima ikitambue cheti chako cha Kenya kwa hati yake yenyewe. Ikiwa hati hiyo haijatoka, waweza kuruhusiwa kufanya kazi kwa muda usiozidi miezi mitatu, ila ushahidi kwamba maombi yamepelekwa lazima uwepo melini, kwani mkaguzi wa bandari atauomba pamoja na cheti.